Jina la Nyumbani la Chasselas

Akinyi dada yangu,

Tangu uondoke Doha na namba yako ya simu ikome kuita, nimekuulizia kwa kila aliyefanya kazi nasi pale hotelini. Wapi! Sasa nakuandikia hadharani, maana nina habari ambayo ni lazima ikufikie.

Unakumbuka wiki ya vyakula vya Uswisi? Meneja alisema atakayeshindwa kuwaeleza wageni mvinyo atarudishwa kuosha vyombo. Mimi, mtoto wa mchungaji, hata tone sijawahi kuonja! Nililia chumbani kwetu mtaa wa Najma, nawe unasonga ugali na kunitania. Ulikuwa umeonja kazini, ukanieleza kwa ladha za kwetu. Mvinyo uitwao Petite Arvine ukawa balungi lililonyunyiziwa chumvi. Amigne, nihesabu nyuki waliochorwa kwenye lebo. Wakizidi, na utamu umezidi. Na ule wa waridi, Œil-de-Perdrix, yaani jicho la kwale, tulicheka hadi mwiko ukakuponyoka. Kwetu kwale analiwa, nani ana muda wa kumtazama jicho?

Kilichonishinda ni Chasselas na Fendant. Nilishikilia kwamba ni zabibu mbili.

"We Naomi, wacha kukariri kama Zaburi," ulisema. "Chasselas ni jina ya kanisa. Akiwa kwao Valais, huko Uswisi, anaitwa Fendant. Si hata mimi kanisani ni Beatrice? Na nani huniita hivyo?"

Siku ya kwanza tu, mzee mmoja Mswisi akaagiza Chasselas. Kwenye orodha halikuwepo jina hilo. Meneja yuko nyuma yangu. Nikamwambia, "Tunayo, bwana, ila imekuja na jina lake la nyumbani." Mzee akapiga meza kwa kicheko, akataka chupa nzima ya Fendant. Wewe ulikuwa mlangoni na sinia, ukanikonyeza. Vyombo sikuviosha.

Sasa habari yenyewe. Nilirudi Kakamega, nikaolewa, nikapata binti. Kanisani ni Grace. Nyumbani ni Akinyi. Mama mkwe hadi leo ananuna: jina la Kijaluo kwenye boma la Waluhya, tena la mtoto wa asubuhi, na huyu alizaliwa jua likitua! Namwambia sikuangalia saa, nilimkumbuka mtu.

Nina furaha, dada, lakini nimekukosa sana. Juzi mtoto aliniuliza Akinyi mkubwa yuko wapi. Nilimjibu kwamba yuko njiani. Usinifanye mwongo mbele ya somo wako.

Ubaki salama hadi nikufungulie mlango,

Mama Akinyi