Nilivyoitikia Bila Kuelewa

Mofu, Kilombero

Kaka Makoye,

Shikamoo. Nipo, ila mgongo unauma kwa kuchimba mfereji wa mashamba ya mpunga. Nakuandikia kuhusu shamba la baba unalotaka kuuza.

Kwanza nikupe kituko. Mwalimu mmoja ameleta wanafunzi wa uhandisi watueleze kazi sisi vibarua. Tusipoelewa, wao wanakosa maksi. Sikujua kuwa hata kuongea ni somo la chuoni! Binti aitwaye Gladness akanieleza mfereji uiname vipi ili maji yatembee. Nikaitikia kwa heshima tu, "Nimeelewa, mwanangu."

Mwalimu akanipa kijiti. "Baba, hebu tuchoree hapa chini."

Nikakodoa macho. Wenzangu wakacheka, "Chora basi, injinia Mashimba!"

Nikamwonea binti huruma kwa maksi zake, lakini nikasema ukweli: "Nimedanganya. Sijaelewa kitu."

Hakununa. Akachuchumaa matopeni, akauliza, "Baba, nimekuacha wapi?" Tukaanza upya, nikachora.

Kaka, uliponiambia kwenye simu tuuze shamba, nilikuitikia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Sijaelewa kwa nini tuuze mahali alipozikwa baba. Usisaini kitu kabla hujanieleza.

Mdogo wako,
Mashimba