Ufunguo Nilimrushia Mimi

Kamembe, Rusizi
Jumatano, tarehe 14 Mei 2025

Mpendwa dada yangu Micheline,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wote mnaolala chini ya paa moja huko Lubumbashi. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji Christophe-Aimé bado anakohoa asubuhi, au ile asali niliyomtumia ilimfaa? Sisi afya tunayo. Watoto wanasoma, mvua bado zinanyesha, na Mama alivuka kutoka Bukavu wiki iliyopita kuja kunitazama. Alikula samaki wawili akarudi zake.

Afya tunayo, lakini amani sina. Mume wangu Murhula yuko ndani ya kituo cha polisi tangu Jumamosi. Aliendesha gari amelewa, akagonga mtu. Mtu yu hai, usishtuke. Ni Kamali, muuza ndizi wa Gashonga. Alikuwa anasukuma baiskeli yake kando ya barabara, akaruka, ndizi zikatawanyika, mkono ukavunjika. Walimfunga plasta kule hospitali ya Mibirizi, na nimeshakwenda kumwona mara mbili.

Sasa nikueleze yote, maana kwa wengine nimesema nusu.

Unajua utaratibu wetu mimi na Murhula. Tukialikwa sherehe, yeye hunywa bia, mimi hunywa Fanta, na kurudi naendesha mimi. Tangu nipate leseni ndivyo ilivyo, na ufunguo hukaa kwenye mkoba wangu. Jumamosi tulikuwa Gashonga kwenye mahari ya Teta, binti wa rafiki yake. Murhula alikunywa chupa nne. Nilizihesabu kwa sababu mimi huhesabu. Sikuwa na neno.

Neno lilikuja wakati wa kuaga. Labda umesahau huko mbali: huku mgeni haondoki bila glasi ya mwisho, agashinguracumu, ile ya kung'olea mkuki, na anayekupa huionja kwanza mbele yako ili ujue haina sumu. Nani alimletea Murhula glasi hiyo? Védastine, shangazi yake Teta. Ndiyo, yule yule aliyekuwa karibu kuolewa naye kabla yangu. Alikuja mpaka mlango wa gari, akaonja polepole, akampa. Mume wangu akanywa mpaka chini, akacheka kicheko ambacho sijakisikia nyumbani kwangu tangu tuzae mtoto wa tatu.

Dada, wivu ulinipanda hadi machoni. Watu watasema ni desturi, kila mtu huonja. Najua ni desturi. Lakini glasi ni ya mviringo, ina nafasi kuzunguka kote, kwa nini anywee palepale alipogusa yule mwanamke? Nikatoa ufunguo mkobani nikamrushia kifuani. Nikamwambia, "Basi akuendeshe yeye!" Nikapanda pikipiki nikaondoka. Védastine hajui kuendesha hata baiskeli, na mimi nilijua hivyo.

Dakika tano hazikupita, akamgonga Kamali kwenye kona. Askari walikuwa karibu, wakamfikia kwa miguu, wakampulizisha mashine hapo hapo.

Wakili wetu, Maître Mukengere, amenifundisha mambo ambayo sikuyajua. Murhula anashtakiwa kwa makosa mawili, kuendesha amelewa na kumjeruhi mtu bila kukusudia. Ile mashine hupima pumzi, na mtu aliyetoka kunywa sasa hivi bado ana pombe kinywani, kwa hiyo inaweza kuonyesha kiwango kikubwa kuliko kilichomo kwenye damu. Anasema ingefaa asubirishwe kidogo, apulize tena. Hakusubirishwa. Mlango wa kujitetea upo hapo, kama shahidi atasema alikunywa glasi ile tu, muda ule ule. Shahidi gani? Usiniulize.

Kuna njia nyingine, ambayo haifuti kosa ila inaweza kupunguza adhabu. Akiri, amtunze Kamali mpaka apone, na aeleze kwamba alikuja na dereva asiyekunywa, dereva akamwacha. Hiyo nayo inataka shahidi, na huyo dereva ni mimi.

Murhula hataki nitajwe. Jumapili nilimpelekea ugali na sombe, akaninong'oneza: "Usiseme kitu, Nzigire. Nilibaambia kama ulikuwa mugonjwa, ukatangulia na pikipiki. Sitaki bantu bakucheke." Nikalia mbele ya askari bila aibu. Kisha akaongeza: "Védastine naye iko tayari kunisaidia. Umupigie, umuambie aksanti." Machozi yakakauka mara moja.

Jana nilikwenda Gashonga, si kwa kushukuru. Nilimkuta anapiga pasi kitenge kipya cha kuvaa Ijumaa, siku mashahidi watakaposikilizwa kwa mwendesha mashtaka, kama mtu anayekwenda harusini. Amekwisha kujipanga, atasema Murhula hakugusa pombe siku nzima isipokuwa glasi yake. "Miye niko tayari hata kuapa," akaniambia. "Na we, maman, utasema nini?" Akauliza kama Murhula anakula vizuri kule ndani. Nikamwambia anakula chakula changu.

Njiani nilimwonea wivu kuliko siku zote, na safari hii si kwa sababu ya glasi. Yeye yuko tayari kusema uongo kwa ajili ya mume wangu, na mimi hata ukweli nimeuficha. Iliniuma, dada, mpaka sasa inaniuma. Tena zile chupa nne alizinywa mbele ya kijiji kizima. Njia ya mwongo ni fupi, na Kamali ana macho, mkono ndio uliovunjika.

Kwa hiyo leo asubuhi nimempigia Maître. Ijumaa nitaingia mimi kwanza. Nitasema chupa nne, nitasema ufunguo nilimrushia mimi, na nitasema kwa nini, hata wakicheka. Murhula huenda akapoteza leseni, na pikapu ile ndiyo inayotulisha, ndiyo inayopeleka nyanya zetu mpakani. Nimeshalifikiria hilo. Wakimnyang'anya, nitaendesha mimi kila siku, naye akae kando yangu. Angalau nitajua gari limesimama wapi na nani amekuja mlangoni.

Mama bado hajui, tafadhali usimpigie kabla ya Jumamosi. Nisalimie shemeji, uwakumbatie mapacha wako, na umwambie jirani yenu Mukansanga kwamba viatu alivyoniletea vinanitosha. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape usingizi mtamu kuliko wangu wa siku hizi.

Wako akupendaye, na wivu wangu wote,

Nzigire

Nimesahau hili: siku Murhula atakapotoka, nitamkaribisha kwa glasi ya Fanta. Nitaionja mimi kwanza, kuzunguka ukingo wote.