Karanga ya Maman Vénantie

Mururu, tarehe 13 Mei 1999

Maman mupendwa,

Nakusalimia wewe na bote ba nyumbani, pamoja na bale ba kanisa banaouliza habari yangu. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Huku mvua inanyesha, mihogo iko mizuri, na bwana yangu Aimable ni muzima. Mimi niko hai. Najua hilo ndilo unangoja kusoma, basi nimelitanguliza.

Mulume, yule kijana uliyemutuma, alinifikishia mikate na kopo ya karanga uliyosaga. Alinipa na maneno yako: nisile tena kitu chochote cha mukono wa mama mukwe, nile ya kwetu tu. Mulume hana siri, Maman. Aliyasema pale barabarani, mama mukwe Mukagatare mwenyewe amesimama na jembe yake. Alimukaribisha maji, Mulume akasema hana kiu, na jua ile!

Unajua ginsi ilianza. Nikila sombe ya Mukagatare ya majani ya mihogo, ao samaki yake ndogo ya sambaza, midomo inavimba, ngozi inatoka mapele, moyo unapiga mbio mpaka naukamata kwa mikono miwili. Ukasema ni karuho, ananitilia sumu kidogo kidogo. Ukasema na kanisani, na neno likatoka Bukavu, likavuka daraja la mpaka, likafika huku. Tangu vita, muntu akiumwa tumbo hatafuti dawa, anatafuta nani alimupikia. Majirani baliacha kunywa kwake. Kwenye matanga balimurudishia sahani yake ya maharagi mbele ya batu. Na Aimable, mutoto mumoja tu aliyemubakia, akamuambia afunge vitu vyake: Jumapili familia itakaa, halafu atamupeleka Gashonga kwa dada yake. Mama yule alizika bwana na batoto, nyumba ile ndiyo iko nayo. Mimi nilinyamaza. Niliogopa kufa, sitakudanganya.

Ijumaa, Mukagatare akiwa shambani nyuma ya nyumba, nilifunga mulango nikapaka karanga yako kwa mukate. Ilikuwa tamu, Maman! Lakini mukate sikuumaliza. Koo ikafunga, moyo ukaanza kurukaruka, nikaangukia masufuria. Mukagatare alisikia kelele, akavunja mulango kwa jembe, akaita banaume, bakanibeba kwa machela mpaka kwa sentre ya afya.

Anfirmye, muuguzi wa pale, alinidunga sindano, halafu akauliza nilikula nini siku hiyo, na siku zile zingine nilipougua. Sombe ya karanga. Sambaza ya karanga. Mukate wa karanga. Akasema mwili wangu ndio unaikataa. Nikamubishia kwamba nimeikula tangu utoto. Akajibu kwamba mwili unaweza kugeuka hata ukubwani, na nikirudia naweza kufa. Basi, ni hiyo tu. Hakuna muntu aliyenifanya kitu.

Jumapili familia ikakaa. Nilisimama nikasema wazi kile nilichokuwa naogopa kukuandikia: chakula kilichokaribia kuniua kilitoka Bukavu, kwa mama aliyenizaa. Nikaeleza na maneno ya anfirmye, lakini nani alisikiliza? Bakageuka palepale: kumbe muroga ni Vénantie! Baba mudogo wa Aimable akasema kopo itupwe ndani ya choo, na wewe usikanyage tena Mururu.

Mukagatare akaomba hiyo kopo. Akachota kwa kidole, akala. Akachota tena. Akasema Vénantie, bamwana wake kwa ndoa yetu, anajua kusaga, ila chumvi ni kidogo. Akaimaliza yote, batu banamutolea macho, halafu akaketi mbele yao mpaka jua likainama, ili baone vizuri. Hakuna aliyetaja jina lako tena.

Sasa yuko kwake. Vitu vyake vimefunguliwa. Ananipikia sombe bila karanga, na kila siku analalamika kwamba hayo ni majani ya mbuzi.

Nisalimie bote kwa majina yao. Mukagatare anakusalimia sana, anauliza utakuja lini kumutembelea. Kabla ya kuja, Maman, ingia kanisani, simama palepale uliposimama siku ile, ubaambie yeye alikula nini kwa ajili yako.

Binti yako,
Umurerwa