Nilimjibia Binti Yangu Simu ya Kazi

Mpendwa mshauri,

Mimi si mtu wa kupeleka mambo ya nyumbani kwangu magazetini, lakini hili limenikaa kooni siku tisa, halipandi halishuki, na naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Nina karakana ya kuchapa mabango na kadi, niliianza miaka kumi na tisa iliyopita na mashine moja ya mkono kwenye korido ya jirani, leo nina mashine tatu na hakuna aliyenishika mkono, na binti yangu wa pekee nimemlea humo humo, alijua kuchanganya wino kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kwa hiyo nilijua siku moja nitamwachia funguo nipumzike. Sasa ana miaka ishirini na nne na anataka kwenda kampuni ya matangazo awe mkurugenzi wa sanaa. Nikamwambia, "Mkurugenzi? Hata kufagia hujaanza?" Akacheka. "Mama, naanza chini. Ni yule anayeamua tangazo lionekaneje, picha ipi, rangi ipi, maneno yakae wapi." Nikamwambia kazi hiyo naifanya kila siku na hakuna aliyewahi kuniita mkurugenzi.

Kilichoniuma hasa ni bango la muuza magodoro. Nilimpangia maneno arobaini na sita, picha sita za magodoro na namba mbili za simu, hakuna nafasi iliyopotea. Binti akatengeneza lake pembeni: saa ya kengele imefunikwa mto, na maneno matatu, "Dakika tano tu." Godoro lenyewe halimo. Muuza magodoro akaangalia langu, akaangalia lake, akacheka mpaka akashika meza, akasema, "Huyu ni mimi kila asubuhi," akachukua la binti. Mshauri, miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kucheka mbele ya kazi yangu, na siku ile nilijua mtoto ameshanipita, nikanuna wiki nzima nikisingizia wino mbaya.

Basi binti akaomba kazi kwenye ile kampuni, akawaachia na namba ya karakana, na simu ilipoita yeye alikuwa nyuma kwenye mashine ya kukatia karatasi, hasikii kitu. Mama mmoja mwenye adabu zake akaniambia kati ya watu sitini na mmoja wamemchagua yeye, awe msaidizi wa mkurugenzi wa sanaa. Nikajibu, "Ameshapata kazi." Nikajiambia si uongo, kwani hapa anacheza? Yule mama akasikitika, akasema akibadili mawazo apige kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, akanipa namba, nikaiandika.

Tangu hapo kila simu ikiita binti anainua kichwa. Jana amekusanya michoro yake yote akaifunga kwenye boksi, akaniambia, "Mama, nifundishe ile mashine kubwa. Wale wameona sina kitu." Nilichokitaka nimekipata, mshauri, na sikuweza kumwangalia usoni. Je, nikiwapigia kimyakimya, nao wampigie upya, yakaishia hapo, kuna ubaya gani?

Mama wa mabango

*

Mama wa mabango,

Pole. Mtu aliyejenga kitu peke yake huogopa kubaki nacho peke yake, na kwa hilo sikucheki. Tena kupitwa na mwanafunzi uliyemfundisha mwenyewe kunauma hata kama ni mwanao. Lakini ulichofanya ni kukalia riziki ya mtu mzima, na unajua, ndiyo maana macho yalikushinda.

Ubaya wa kupiga kimyakimya ni huu: siku ya kwanza kazini yule mama atamuuliza, "Ile kazi nyingine uliiacha?" na uongo wako atausikia mbele za watu. Isitoshe, umenieleza saa, mto na muuza magodoro. Binti yako akikutana na gazeti hili atalijua bango lake kabla hajamaliza aya. Kwa hiyo siri huna. Umebakiwa na kuchagua tu asikie kwa nani.

Mwambie wewe. Sema, "Walipiga, walikuchagua, nikawajibu umeshapata kazi." Usianze na miaka kumi na tisa wala korido ya jirani. Atakasirika, pengine atatoka na mlango ataubamiza, mwache. Kisha mpe ile namba apige mwenyewe, maana umeshamsemea vya kutosha. Yule mama akitaka kusikia kutoka kwako, shika simu useme ulidanganya. Na kama nafasi wameshampa mwingine, angalau binti atajua kwamba hawakuona hana kitu. Ataomba kwingine akiwa na nguvu hiyo.

Mashine kubwa tafuta mwingine wa kumfundisha. Na hasira zikipoa, mweleze kwamba ile wiki hukununia wino. Mwambie bango lake lilikuwa zuri kuliko lako. Nina hakika hajawahi kulisikia hilo kinywani mwako.

Barua yako nimeirukisha foleni kwa ajili ya hiyo Ijumaa, maana ni keshokutwa. Leo Jumatano, na ofisi zinafunguliwa saa mbili. Weka gazeti chini, umwite.