Kitambaa Kisicho na Jina

Voi

Mama mpenzi,

Hamjambo huko Mghange? Mguu wako bado unakusumbua ukipanda kwenda shamba la juu? Mimi sijambo hapa kwa shangazi, ila joto la Voi halina adabu. Mwadime, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usicheke.

Nina jambo la kuungama. Kwa Kiingereza linanishinda, kwa Kiswahili naona haya.

Wasichana wa kanisa tuliambiwa kila mmoja adarizi kitambaa cha kutundikwa siku ya mavuno. Nilianza mlima, uzi wa kahawia ukaniishia katikati, nikamalizia na mweusi. Kikatoka kitu nisichokijua. Nikakitandika mezani.

Shangazi akasema, "Huo ni mlima wa Sagalla na wingu lake."

Mumewe, unajua ni mtu wa reli, akacheka. "Wingu gani? Hiyo ni injini imeanguka."

Mama Mutua, jirani yetu Mkamba, akaweka kikombe chini. "Nyinyi mmezaliwa juzi? Huyo ni ndovu wa vilima vya Ndara, amelala!"

Chai ikapoa wakibishana. Mama, nilikimbilia jikoni nikacheka peke yangu kwa furaha. Maua ya wenzangu watu huyatazama mara moja wakapita. Changu kiliwashika. Hata mimi kila asubuhi nilikiona kitu kingine.

Lakini mwalimu wetu wa ushonaji akasema, "Andika jina chini. Kisicho na jina sikitundiki."

Nikatunga uzi niandike NDOVU, mkono ukakataa. Mlima ungekufa, na injini pia. Nikakumbuka kikapu chako. Nilikuuliza kama ile mistari uliyoisuka ni mto au nyoka, ukanijibu, "Beba kuni." Nikabeba, njia nzima nawaza, hata mzigo sikuusikia.

Basi nikamwambia, "Sitaandika, Mwalimu." Mimi huyu, Mama!

Siku ya mavuno vya wenzangu vikatundikwa, changu kikabaki kimekunjwa kitini. Baada ya ibada nikamkuta mwalimu amekikunjua magotini, shingo ameipinda.

"Wakesho, ni kuku amelalia mayai, sivyo?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hebu nenda zako!" Lakini alikuwa anacheka, na hakunipa mpaka mke wa mchungaji naye alipokitazama.

Hakikutundikwa, na moyo wangu umetulia tu. Nisalimie babu na mizinga yake, na dada aliyejifungua.

Kitambaa kimo humu ndani. Mwadime akianza kuuliza ni nini, Mama, mwambie abebe kuni.

Mwanao,
Wakesho