Kwa Kaka Severini, Aliyekausha Tope la Ilembo kwa Pumba za Mpunga

Mwaka umetimia leo, kaka Severini, tangu tarehe 19 Novemba 1996, ulipotolewa kwenye shimo la majitaka pale Ilembo, hapa Mpanda. Sijazoea. Gari langu likipita njia ile naangalia upande wa kazini kwako, kama vile utainua koleo juu kunisalimu.

Ulifanya kazi miaka kumi na moja kwenye vitanda vya tope. Wasiovijua waelewe: ni kuta fupi za matofali, chini kokoto, juu mchanga. Tope la vyoo linamwagwa pale ili maji yachuje yaende chini kwenye bomba, na linalobaki likauke lizolewe. Lakini lilikuwa halikauki. Mwezi mzima ni uji mtupu, nzi, harufu mpaka kwenye vyakula vya majirani, na nyie mnalizoa bichi kwa ndoo.

Siku moja ulipanda gari langu tukaenda Kibaoni. Mvua ilikuwa imenyesha. Ukasimama nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ukaona maji yanapita kwenye lundo la pumba bila kutuama. Ulirudi Mpanda na gunia moja. Ukachanganya pumba na tope kwenye karai kubwa, ukamwaga juu ya mchanga, jembamba, kimo cha kiganja. Mwenzako Egide akakuuliza, "Mzee Severini, leo tunapika pilau?"

"Wewe koroga," ukamwambia. "Sahani utapewa ya kwanza."

Siku ya tisa tope lilipasuka vipande vipande, mkalibeba kwa koleo kama udongo wa shamba. Ulikuja nyumbani kwangu mbio na kipande kimoja umekifunga kwenye gazeti. Mimi nilikuwa mezani. Nilikufukuza.

Hukukasirika. Hukuwa mtu wa kukasirika. Jioni ulikuwa unanawa kwa majivu, halafu kwa ndimu, halafu sabuni, ndipo unambeba mwanao Matilda. Hata hivyo, mtu akikusalimu ulikuwa unakunja ngumi na kumpa kifundo cha mkono, kama anavyofanya mtu aliyetoka kushika uchafu. Kanisani, kilioni, hata siku ya harusi yangu. Watu walikishika hicho kifundo na kuona ni sawa. Mimi mdogo wako, tumbo moja, nilikishika hicho hicho kwa miaka kumi na moja.

Sasa nasema lililonikaa rohoni. Sikusoma sana, sijui kulizungusha.

Oktoba ile uliniomba nikuletee pumba gari zima kabla mvua hazijaanza. Nilikubali. Nikaenda Kibaoni mara tatu, na mara tatu nikarudi na mahindi ya watu. Niliona aibu kupita Sitalike na kuingia mjini na gari la pumba za kukaushia mavi. Ulikuja uwanjani nikishusha mzigo.

"Rafaeli, pumba zangu ziko wapi?"

"Wiki ijayo, kaka. Pumba si mahindi, hazina mwenyewe."

Ukacheka. "Mwenyewe si ndiye huyu amesimama mbele yako?"

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Mvua ikaanza. Tope bichi, halina pumba, likapenya kwenye mchanga na kuziba bomba la chini. Egide alitaka kushuka kwenye shimo ambamo bomba linamwaga maji, alizibue. Ukamwambia, "Una watoto wadogo, wewe shika kamba." Na wewe ulikuwa nao. Hewa mbaya ya mle chini ikakumaliza kabla hujaligusa bomba. Egide alivuta kamba mpaka viganja vikachubuka, akipiga kelele watu waje. Mimi nilikuwa njiani natoka Kibaoni. Nilikuwa nimebeba mahindi.

Nilipofika ulikuwa umelazwa kwenye nyasi. Nikakushika kiganja. Kilikuwa kigumu, kina sugu, na kilikuwa kisafi kuliko changu maana mvua ilikuwa imekiosha. Sikuwa nimekishika tangu uanze kazi ile.

Siku ya kuanua matanga nilimweleza mkeo Dorotea yote. Nilitegemea anifukuze. Alifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema, "Shemeji, kesho kalete pumba."

Nilileta. Mwaka huu nimeleta gari saba, nazimwaga mwenyewe, na siku ambazo sina safari naingia na Egide kuchanganya. Tope linakauka, kaka. Egide anachomeka kijiti kama ulivyomfundisha; kikisimama, tunazoa. Bomba halijaziba tena. Ulikuwa umejua, na mimi nilikuwa na gari.

Juzi mama yetu Katarina alipita akanikuta natoka kwenye vitanda. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikakunja ngumi nikampa kifundo. Alikikataa. Akaifungua ngumi yangu kidole kimoja kimoja, akashika kiganja kikiwa na tope lake, akakibana. "Marahaba," akasema. "Mwenzio sikumfanyia hivi." Akalia. Tukalia wote wawili pale barabarani, watu wanapita.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii asubuhi, kigango cha Ilembo. Baada ya misa tutakwenda kaburini. Tunaomba watakaokuja wasalimiane kwa viganja.

Unakumbukwa na mama yako Katarina, mkeo Dorotea, watoto wako Matilda na Deusdedit, dada yako Prisila, mwenzako Egide, na mimi mdogo wako Rafaeli, niliyechelewa.

Pumzika, kaka. Kukusahau hatuwezi.