Gari Lililopita Mlangoni

Mtaa wa Harriet,
Derby, Uingereza.
14 Mei 1911

Mpendwa Shemeji Jabez,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Kanada, na je, theluji imekwisha kuyeyuka? Sisi hatujambo. Mama yenu mguu bado unamsumbua, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Picha ya ng'ombe wako ilifika. Mama ameiweka juu ya meko na kila mgeni lazima aoneshwe. Wewe mwenyewe umetokea nusu tu, pembeni.

Sasa habari za kaka yako. Enoch haendeshi tena magari ya kiwandani. Hakufukuzwa kazi, ila ameondolewa barabarani, nami nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

Tangu majira ya baridi alikuwa akilijaribu gari jipya la kifahari, ambalo kiwanda hakijawahi kuunda mfano wake. Lenyewe bado halina bodi. Ni fremu tupu, injini, kiti cha mbao, na magunia ya mchanga mahali pa matajiri. Alikuwa akilipandisha milima ya Buxton na kurudi, mvua ikimnyeshea yeye na mchanga sawasawa. Wanunuzi wameahidiwa gari la kimya, mtu azungumze na mkewe bila kupaza sauti. Mama anasema hajapata kumwona tajiri anayetaka kumsikia mkewe.

Kila jioni Enoch alimweleza Bwana Ormerod, mhandisi mkuu, amesikia nini njiani. Na kila jioni Enoch alimwambia gari ni kimya.

Alhamisi moja akapitia nyumbani kunywa chai. Nilimsikia kabla hajakata kona.

"Leo gari lako linapiga mluzi kama birika," nikamwambia.

"Mluzi gani?"

"Hata mimi nimeusikia," Mama akadakia, "na kizee mimi."

Enoch akaweka kikombe chini. Nikadhani anatania, kumbe hatanii. Shemeji, zile nyundo za karakana ya treni, mlikoanzia kazi nyinyi wawili, zimemla masikio; sauti nyembamba hazisikii tena.

Niliogopa. Unajua vile kuendesha kunavyompa raha kaka yako. Nikamshauri aseme ameusikia mwenyewe, na kuanzia siku hiyo mimi nitakaa dirishani niwe sikio lake.

"Na kule Buxton utakaa dirisha gani, Lavinia?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mama akasema. "Nenda ukawaambie, mwanangu."

Nilimkasirikia Mama siku mbili, sikufichi.

Basi akaenda akasema. Bwana Ormerod alimshukuru vizuri tu, akampa gari dereva mwingine, na Enoch akapelekwa kufunga springi. Mluzi waliukuta kwenye gia za ekseli ya nyuma, wakazisaga upya. Nyumbani halalamiki. Ila gari linaporudi kutoka milimani, yeye hutoka na kusimama langoni, na mimi moyo huniuma.

Jana nilikuwa nimepiga magoti nasugua kizingiti, barabara nimeipa mgongo, yeye yuko langoni.

"Vipi, mluzi bado upo?" akaniuliza.

"Hebu subiri kwanza lipite, baba."

"Limeshapita, Lavinia."

Nikageuka. Vumbi lilikuwa linatua pale kwenye kona ya kanisa. Sikuwa nimesikia kitu. Tulicheka hadi Mama akatoka na fimbo yake kuuliza kuna nini, na alipofika Enoch alikuwa analia, nami nalia naye.

Msalimie sana Dorcas na watoto. Mwombe siku moja akunong'oneze jina lako kutoka nyuma yako, kisha mtuandikie kama uligeuka. Mungu awakinge na baridi na kila baya.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Lavinia Tunnicliffe